Kipimo cha Maji

Hakuna malkia aliyewahi kuvaa gauni langu. Nalisema hilo kabla ya mengine yote kwa sababu siku hizi kila ninapokwenda nakutana na huyo mwanamke. Nilimkuta saluni, Lipangalala hapa Ifakara, msusi akimsimulia kwa mteja mwingine huku vidole vyake vikiwa kwenye nywele zangu, bila kujua kichwa alichokishika ni cha nani. Inasemekana alitawala Wandamba, watu wa bonde hili, zamani sana. Inasemekana alikuwa mrefu, na alipotaka kuvuka mto aliinua pindo la vazi lake akalifunga kiunoni kwa vifungo vya pembe za ndovu. Na inasemekana mimi, mjukuu wake wa mbali, nilioteshwa mshono huo ndotoni.

Siwezi kuapa kwamba bonde hili halijawahi kuwa na mwanamke aliyetawala. Nimewauliza wazee wa upande wa mama, wamenijibu kila mmoja lake, na sina ushahidi wa kumkataa mtu ambaye simjui. Ninachoweza kuapa ni kwamba hakuwahi kukaribia cherehani yangu. Mshono ule umetokana na mama yangu mdogo, barabara ya Lumemo wakati wa masika, na mpira wa baiskeli.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Analima mpunga, na katika kwaya ya kigango chetu yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Asipofungua mdomo yeye, wengine wote wanabaki wameshika pumzi. Nilikuwa naishi kwake niliporudi kutoka chuo na shahada yangu ya maendeleo ya jamii, nikisubiri ajira ambayo kila mtu alisema inakuja. Wakati naisubiri nikawa nashona. Kushona nilijifunza nikiwa sekondari, likizo kwa likizo, kwa fundi mmoja wa sokoni. Baba hakulipenda hilo tangu mwanzo.

"Nimekusomesha," aliniambia, "ili uje ukae pale wanapokaa walioshindwa shule?"

"Kwani baba, hao wanaokaa pale ndio wanaokushonea suruali. Wameshindwa nini?"

"Unaona? Hiyo ndiyo kazi ya chuo. Kujibu."

Kwaya ilikuwa na sare ya satini, nyeupe juu, bluu ya mbingu kuanzia kiunoni. Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa, alikuwa ameweka sheria kwamba pindo liguse kiatu. Kiangazi hiyo si taabu. Lakini masika, mto Lumemo unapojaa na udongo wetu mweusi unapolainika kama uji, pindo linalogusa kiatu ni deki. Wanawake waliinua magauni kwa mikono, ila mikono hiyo hiyo ilikuwa na mwavuli, kitabu cha nyimbo, ndala, na pengine mtoto. Kwa hiyo wakaanza kufunga magauni mapajani kwa mpira, ule unaokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli ili kufungia mizigo. Kila nyumba Ifakara inao. Unashika vizuri. Ubaya wake unaacha duara jeusi kwenye satini, na duara hilo halitoki kwa sabuni wala kwa limau.

Mwenyekiti alisimama mlangoni mwa kanisa kila Jumapili akikagua. Mwenye tope kwenye pindo, nyuma. Mwenye duara la mpira, nyuma.

"Hii ni kwaya ya malaika," alisema, "au ya mafundi baiskeli?"

Jumapili moja nilikuwa pale nikamuuliza. Nilimwamkia kwanza, maana alinifundisha darasa la nne.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kwa nini lazima pindo liguse kiatu?"

"Marahaba. Kwa ajili ya heshima."

"Heshima ya nani?"

"Ya Mungu, binti."

"Mungu huyu huyu anayeleta masika?"

Mama mdogo alinifinya mkono kwa nguvu sana. Siku hiyo alikuwa na duara jeusi, tena mawili, na Mwenyekiti akamtuma nyuma ya mabesi. Mwanzishaji wa nyimbo, nyuma ya wanaume warefu wanaokohoa. Alipoanzisha wimbo wa kuingia, safu ya mbele hawakumsikia, wakachelewa, wakashika sauti isiyo yake, na wimbo wote ukayumba hadi mwisho. Watu waligeuka kutazama. Katika mambo yote aliyonayo, shamba la kukodi, ndoa iliyovunjika, magoti yanayouma, kusimama mbele na kuanza ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyempa kwa huruma. Na alinyang'anywa kwa sababu ya tope.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda akiwa bado na sare, akasugua lile duara.

"Wimbo umetoka kama unatoka kwenye debe," alisema. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Ningekuwa na mkono wa tatu."

Hapo ndipo gauni lilipozaliwa. Hakukuwa na ndoto. Kulikuwa na mwanamke amekasirika kwenye kigoda na mwingine amekasirika mlangoni.

Nilimwambia asimame. Nikamuuliza masika maji yanamfika wapi akipita njia ya Lumemo. Aliinama akaweka kidole chini ya goti. "Hapa, siku ya kawaida." Akakipandisha juu kidogo ya goti. "Hapa, siku ya hasira." Nikashika futi kamba nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kidole, mara zote mbili. Ndani ya sketi, usawa wa magoti, nikashona vitanzi vya satini ile ile, vimejificha kwenye mishono. Kwenye nyonga zote mbili nikaweka vifungo vidogo nilivyovivika kitambaa, safu ya juu na safu ya chini. Ukikaribia maji unaingiza mkono, unavuta kitanzi, unakipachika kwenye kifungo, na gauni linapanda lenyewe na kukaa, mikono yako ikiwa huru. Ukifika unafungua, pindo linashuka hadi kwenye kiatu, kavu. Mama mdogo alilijaribu uani akizunguka banda la kuku, akipandisha na kushusha, akicheka peke yake.

"Mkono wa tatu huu hapa," alisema.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alimtazama pindo, akatazama njia yenye maji nyuma yake, akatazama pindo tena.

"Umeletwa na pikipiki?"

"Nimekuja kwa miguu, Mwenyekiti."

Mama mdogo akarudi safu ya mbele. Tangu hapo kila mteja wangu napima kifua, kiuno, nyonga, urefu, na maji. Mafundi wenzangu walinicheka kwa hicho cha tano. Wao walikuwa na mabango ya mishono ukutani, wanawake wembamba wa nchi nyingine wamesimama kwenye zulia, na mteja ananyoosha kidole tu: nishonee kama huyu. Sikuwahi kuelewa. Unamshoneaje mtu wa Ifakara bila kumuuliza anapita wapi?

Sauti ya kwanza wote wakataka. Kisha sauti ya pili. Kisha walimu wa Lupiro, ng'ambo ya daraja la mto mkubwa, wakaanza kutuma vipimo vyao kwa dereva wa bodaboda, na vya maji vikiwemo. Wakaja wauguzi. Akaja mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe, akataka vifungo viwe imara zaidi, maana yeye, alisema, hapiti kwenye maji, anaishi humo. Nikakodi chumba barabarani, Lipangalala, nikachukua wasichana wa kushona nami. Hayo ndiyo mafanikio yangu ya kwanza, na kwangu ndiyo ya kweli, lakini hakuna aliyeyaita mafanikio. Baba alikuwa bado anawaambia watu nasubiri ajira.

Wanawake wa kwaya walijifunza kitu ambacho sikukibuni mimi. Wakifika mlangoni kwenye harusi walisimama mstari mmoja, mama mdogo akitikisa kichwa, wote wakafungua vifungo kwa pamoja, na mapindo ya bluu yakaanguka kwa mpigo mmoja kama pazia. Watu walipiga vigelegele. Mpiga picha wa harusi moja akalirekodi, likasambaa kwenye simu, na kwenye simu likafika Dar es Salaam kwa mwanamke mmoja mwenye duka kubwa la nguo ambaye pia huandaa maonyesho ya mitindo. Akanipigia.

"Mdogo wangu, hongera, una kipaji," alisema. "Sasa niambie. Kile kifungo cha nyongani kinawakilisha nini?"

"Kinafunga."

"Hapana, namaanisha kiutamaduni."

"Kinazuia tope."

Akacheka. "Una utani. Tope tuliache. Kuna stori gani nyuma yake? Watu wa huku wananunua stori."

Nikamweleza. Mama mdogo, Lumemo, mpira wa baiskeli, safu ya nyuma. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini inasikitisha. Na mpira wa baiskeli, sijui. Hakuna bibi? Mtawala, mganga, kitu cha zamani?"

"Nina bibi. Alikuwa anauza samaki."

"Tutaifanyia kazi," alisema.

Sikujua kufanyia kazi ni nini mpaka aliponialika Dar kwenye maonyesho yake, nikakaa kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine. Wasichana warefu walitembea kwenye zulia kavu wakiwa wamevaa magauni niliyoyashona kwa mikono yangu, mapindo yakiwa juu, hayajashuka hata mara moja. Nikasogea kutazama. Vitanzi vilikuwa vimeshonwa kwenye vifungo kwa uzi, moja kwa moja, ili mikunjo isiharibike. Mkono wa tatu walikuwa wameushona ukawa ngumi, usifunguke. Na mshereheshaji, kwa sauti ya kuigiza huzuni, akasimulia habari za malkia wa Wandamba, vifungo vya ndovu, ndoto, na binti maskini wa bondeni aliyekulia kwenye giza.

Nilikulia kwenye umeme. Unakatika, ndiyo, lakini hata kwao unakatika.

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. Nilitaka kusema samahani, hiyo si kweli. Taa ikanimulika, watu wakadhani nawapungia, wakasimama kunipigia makofi. Kadiri nilivyozidi kunyoosha mkono ndivyo walivyozidi kupiga.

Baada ya hapo oda zilikuja kama mafuriko, na sitajifanya sikuzipokea. Nilihama chumba kile, nikapanga jengo zima lenye veranda, nikaongeza cherehani za umeme. Na ghafla baba hakuwa tena na binti anayesubiri ajira. Nilimsikia akimwambia mgeni, mimi nikiwa nachemsha chai, "Huyu wangu ni mbunifu wa mavazi." Jana yake nilikuwa fundi cherehani. Mikono ni ile ile, mkasi ni ule ule, hata chaki ilikuwa ile ile, kipande nilichokuwa nimekianza wiki hiyo. Kilichobadilika ni kwamba watu wa Dar walikuwa wamesimama. Ni nani hao ambao lazima wasimame kwanza ndipo baba yangu anione?

Hata hivyo malkia angebaki Dar, ningemvumilia. Alipanda gari akaja huku.

Mwenyekiti wa kwaya, ambaye mwanzoni aliviita vitanzi vyangu mitego, alianza kusema kuwa ukoo wake una uhusiano na malkia kwa upande wa mama. Aliwatangazia wanakwaya kwamba sare ile sasa ni urithi, isichezewe, isipitishwe kwenye maji. Masika yaliporudi, nilisimama kwenye veranda yangu nikaona sauti ya kwanza na ya pili wakipita kuelekea kanisani wamejifunga khanga, na vichwani mifuko, na ndani ya mifuko magauni yangu yamekunjwa. Gauni la kupita kwenye maji lilikuwa linavushwa kwa kubebwa, kama mtoto mchanga. Wakifika walijibanza nyuma ya kanisa wakibadilisha nguo kwenye mvua.

"Kwa nini?" nilimuuliza mama mdogo jioni. "Vifungo vipo!"

"Ni vazi la heshima, mwanangu. Watu wanatutazama."

"Umelivaa mwaka mzima kwenye tope, hukuwa na heshima?"

"Wewe maswali yako," alisema, akaenda kuanua mpunga.

Kilichoniumiza zaidi ni televisheni. Walikuja watu wa kamera wakati nimeenda Morogoro kununua vitambaa, wakamhoji yeye. Nilikiona kipindi kwenye simu ya mteja. Mama mdogo amekaa kwenye kigoda kile kile, amevaa gauni la kwanza kabisa, lile nililompima kwa kidole, anasema kwa utulivu kwamba bibi yao alikuwa malkia na vifungo hivi ni vyake. Yeye mwenyewe amejifuta. Sikumsemesha vizuri kwa siku kadhaa, na hakuniuliza sababu, nikazidi kukasirika.

Kisha yule mwanamke wa Dar akanipigia na jambo lililokuwa kubwa kuliko yote. Alitaka magauni yangu yauzwe dukani kwake mwaka mzima, yenye lebo ya malkia, vifungo vikiwa vya urembo tu. Na alitaka lile gauni la kwanza, la mama mdogo, liwekwe kwenye kioo mbele ya duka.

"Nitamtuma dereva Jumatatu kulichukua," alisema. "Hii ndiyo hatua ambayo wenzako wanaililia. Usiniulize maswali mengi, mdogo wangu. Sema ndiyo."

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa na wasichana wa kulisha kwa kazi, na jengo la kulipia, na nilijua ndiyo moja itanipeleka wapi. Mama mdogo alifurahi. Alilifua gauni, akalipiga pasi, akalitundika ukutani likimsubiri dereva.

Wiki hiyo baba wa mmoja wa wanakwaya, wa sauti ya pili, alifariki. Mazishi yalikuwa nyumbani kwao, kijijini, ng'ambo ya mkono wa mto Lumemo unaojaa masika tu. Kwaya iliamka kwenda, nami nikaenda kuaga maiti, maana mzee alikuwa akinipa miwa nikiwa mdogo. Mama mdogo alivaa lile gauni la ukutani. Sare yake nyingine ilikuwa bado mbichi kwenye kamba, na hakuna mtu anayekwenda kumwimbia marehemu akiwa na nguo ya nyumbani.

Gari lilitufikisha mahali ambapo barabara iliingia majini na kupotea. Jeneza lilikuwa limeshavushwa mabegani na wanaume wa kijiji. Tulisikia vilio upande wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha, hakukuwa na nyumba wala banda la kubadilishia nguo. Mwenyekiti alishuka na viatu vyake vinavyong'aa, akaangalia maji, akaangalia kwaya.

"Akina mama, hapana," alisema. "Hilo ni vazi la malkia. Tusubiri maji yapungue."

"Yatapungua mwezi wa sita," alisema besi mmoja.

"Sisemi na wewe."

"Mwenyekiti, basi tumwite malkia mwenyewe atuvushe."

Watu walicheka wakijiziba midomo, kwa sababu ya msiba. Yule mwenzao aliyefiwa alikuwa upande wa pili, tulimwona amesimama na khanga kichwani anatutazama, anasubiri kwaya yake. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema hakuna malkia, gauni hili lilishonwa kwa ajili ya maji haya haya, vifungo viko hapo. Nilikuwa nimeyasema hayo masika yote na hakuna aliyeinua pindo. Mama mdogo akaniwahi.

"Mwenyekiti," alisema kwa upole, "kwani malkia alikuwa anavuka mto, au hakuwa anavuka?"

"Alikuwa anavuka."

"Alivuka amelivaa, au alilibeba kwenye mfuko kichwani?"

Mwenyekiti akatazama maji.

"Na vile vifungo aliviweka vya nini? Ili nani avione?"

"Alivuka amelivaa," Mwenyekiti alisema taratibu, kama anayeanza kulikumbuka. "Ndiyo. Alilivaa."

"Basi tusimwaibishe bibi yako."

Akaingiza mkono, akavuta kitanzi, akakipachika safu ya juu. Sauti ya kwanza wote wakavuta. Sauti ya pili wakavuta. Wakaingia majini wameshika vitabu vya nyimbo na miavuli, na Mwenyekiti akawafuata amevua viatu, amekunja suruali, akiwaonya kwamba malkia alitembea kwa utulivu. Ng'ambo walisimama mstari, mama mdogo akatikisa kichwa, mapindo yakaanguka, naye akaanzisha wimbo akiwa mbele. Aliyefiwa akalia kwa sauti, kilio kile ambacho mtu hukishikilia mpaka watu wake wafike.

Nilipaswa kufurahi. Nilisimama kaburini nimeloa hadi mapajani nikiwa na hasira ambayo sijui niielezeje kwa watu wanaonipongeza. Magoti ya mama yangu mdogo hayakuwa sababu ya kutosha. Tope halikuwa sababu. Duara la mpira, safu ya nyuma, wimbo ulioyumba, vyote havikutosha kumfanya mwanamke ainue gauni lake na avuke. Ilibidi apatikane mwanamke asiyekuwepo, mwenye taji, atoe ruhusa. Kwa nini wa uongo anasikilizwa, na aliyesimama hapo, miguu yake majini, hasikilizwi?

Tuliporudi nyumbani mama mdogo alivua gauni akalitazama kwenye mwanga wa mlango. Maji yalikuwa yamepita hata kipimo cha siku ya hasira. Mstari wa kahawia ulipita katikati ya mikunjo.

"Dereva wake atalikuta hivi," alisema.

Ndipo nikamuuliza, kwa ukali nisioutaka. "Mama mdogo, kwa nini uliwaambia wale wa televisheni kuwa ni malkia? Unajua ni wewe."

Alikaa kwenye kigoda, akaanza kufungua vitanzi kimoja kimoja.

"Niliwaambia ni mimi," alisema. "Niliwaambia kila kitu. Mpira, tope, Mwenyekiti. Yule mwenye kamera akaizima, akasema, mama, tuanze upya, safari hii tuambie ya bibi. Nikamwambia tena ni mimi. Akazima tena." Akainua mabega. "Nilikuwa na mpunga juani na wingu lilikuwa linakuja. Nikampa bibi anayemtaka, akaondoka, nikawahi kuanua."

Siku zote zile nilikuwa nimemkasirikia yeye.

Nilimpigia mwanamke wa Dar kabla sijabadilisha nguo.

"Gauni la kwanza haliji," nilisema. "Lilienda msibani. Lina tope."

"Lifueni, mdogo wangu. Au liacheni hivyo hivyo, tutasema ni la zamani."

"Litafuliwa, na litakwenda tena. Lina kazi. Na ya dukani nitashona, ila vifungo vifunguke, na lebo iandikwe Mkono wa Tatu."

"Vifungo tunaweza kuongea," alisema. "Lakini malkia lazima abaki. Bila malkia hilo ni gauni la kijijini tu."

"Kama yupo," nikamwambia, "mwambie aje nimpime."

Hakunipigia tena. Sasa dukani kwake yanauzwa magauni yaliyoshonwa na mtu mwingine, yana mikunjo miwili nyongani, na vifungo visivyofunguka. Nayaona kwenye simu, yamependeza. Wananiandikia watu kunionea huruma kwamba nimeibiwa malkia wangu. Baba alininunia kwa muda, kisha akarudia kusema mbunifu wa mavazi, maana oda za shule na hospitali za bonde hili zimenitosha kubaki na jengo langu na wasichana wangu wote, na veranda haipungui watu.

Kwaya inavuka tena ikiwa imevaa. Inavuka kwa ruhusa ya malkia, na Mwenyekiti huwasimulia wageni jinsi bibi yake alivyokuwa akipachika kitanzi. Mama mdogo hamkanushi. Yuko safu ya mbele, anaanza.

Juzi aliingia mama mmoja kutoka bondeni, ameshika kitambaa cha maua kifuani, akaomba nimshonee gauni la malkia. Nilipima kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikapiga goti mbele yake na futi kamba.

"Masika maji yanakufika wapi?"

Akanitazama kuona kama namdhihaki. Kisha akainama polepole, akaweka kidole juu kabisa ya goti, akakiacha hapo.

"Hapa," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."